Mzee ni mstaafu wa jeshi, anaandika kitabu cha Keya na Bama, nimsaidie aje?

MtotoWaMbaruk:
Wadau habari za jioni. Msinicheke tafadhali. Mzee wangu alikaa jeshi miaka 26, akatoka sajini mwaka wa 2014, akajenga hapa Mbaruk nje ya Nakuru, sisi tukajua sasa atafuga kuku atulie. Kuku walikufa wote mwaka wa kwanza. Tangu hapo ni kuandika tu. Anaandika historia ya askari wa Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku) kutoka huku Magharibi, wale walipelekwa Abisinia (Ethiopia) na Bama (Burma, leo Myanmar) vita ya pili ya dunia, juu kuka yetu wa Bungoma (babake mzee) alikuwa mmoja wao na alikufa bila kusema mengi, alikuwa anasema tu "huko kulikuwa na mvua" halafu anaitisha chai.

Sasa amejaza kaunta buku 11. Mimi ndio namtaipia wikendi nikitoka kazi. Anaandika herufi kubwa zote kama mtu wa signali anatuma ujumbe, na hakuna "asubuhi na mapema" kwake, ni 0430. Shida yangu ya kwanza ni uthibitisho. Tuko na nishani moja ya kuka, ile nyota ya Bama, lakini haina jina wala namba, na batalioni yake hatujui. Mtu anaanzia wapi?

Halafu kuna hii nyingine sijui hata niiweke aje. Mzee mwenyewe aliingia Somalia Oktoba 2011 na kundi la kwanza kwanza. Kwa kitabu ameweka sura ya mwisho inaitwa SOMALIA, na ndani kuna mistari miwili, nanukuu: TULIVUKA LIBOI. ILINYESHA. Basi. (Liboi ni pale mpakani.) Bama iko na kurasa karibu 140. Nikimuuliza ananiambia hiyo bado ni mbichi. Nimsukume ama niachane nayo?

KalamuTupu:
Kusema ukweli nani atasoma Bama leo? Mwambie aandike Somalia, hiyo ndio itauza, watu wanataka kujua. Hao wa Keya walikuwa wanapigania mzungu, hawakutupigania sisi.

Jaduong_Kondele:
@KalamuTupu pole pole kijana. Mimi naitwa Keya kwa kitambulisho, jina la babu, na ukizunguka Nyanza yote utapata akina Keya wengi, sasa hiyo historia unasema si yetu iko kwa majina yetu. Na vita ya kwanza ilitupata hapa hapa nyumbani. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii mjini, KAR wakatolewa Kisumu wakavushwa ziwa kwa meli kwenda kuwatoa. Baada ya hapo vijana wakakusanywa kuwa wapagazi wa kubeba mizigo ya jeshi, Carrier Corps kwa Kiingereza, mpaka Tanganyika, wengi wakafia njiani, si kwa risasi, ni kuhara na njaa. Kariokor ya Nairobi unafikiri jina lilitoka wapi?

Kwetu kuna mtu alipotea 1944. Ndugu ya babu. Alipanda meli Mombasa, Khedive Ismail, wakielekea Colombo, wengi wao walikuwa vijana wa mizinga, Rejimenti ya 301 ya East African Artillery. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Wajapani ikawapiga karibu na Maldives na meli ikazama kwa dakika chache tu, karibu watu 1,300. Kilichomalizia ni kwamba manowari za Waingereza zilirusha mabomu ya majini kuitafuta hiyo nyambizi wakati watu wetu bado wanaelea hapo juu. Nyumbani ilifika barua moja. Nyanya yake alikataa wasichimbe kaburi, akasema huwezi kuzika karatasi. Jina lake nililipata juzi tu, kwa ukuta wa kumbukumbu kule makaburi ya vita Ngong Road, na nilikuwa nimepita hapo na matatu miaka na miaka.

Kwa hivyo mwambie mzee wako aendelee. Na hiyo nishani isikusumbue, zile nyota za Waingereza za vita ya pili nyingi zilitolewa bila jina, hapo hakuna makosa ya mtu.

KaratasiNzee:
Nimefanya kazi na faili za zamani kwa muda, nitajaribu kusaidia kwa hili la kwanza. Nishani ukiiacha, tafuta kile kitabu ama cheti alichopewa akiachiliwa jeshi 1945 ama 1946, kwa kawaida kilifichwa pamoja na risiti za kodi na kadi ya kanisa, ulizeni mashangazi si wajomba, mashangazi ndio hukaa na sanduku. Namba ya jeshi ikipatikana umefika nusu ya safari.

Nyaraka za Taifa hapo Nairobi, pale Moi Avenue, uliza ripoti za mwaka za DC (mkuu wa wilaya) wa Kavirondo Kaskazini za 1939 mpaka 1947, Bungoma wakati huo ilikuwa chini yake. Humo utapata waliandikishwa vipi na walirudi vipi, na malalamiko ya pesa pia, maana askari Mwafrika alipewa kiinua mgongo kidogo kuliko mzungu wa cheo kile kile. Shajara za batalioni zenyewe ziko London, Nyaraka za Taifa za Uingereza kule Kew, namba za mafungu ya faili za Abisinia ni WO 169 na za Bama ni WO 172. Kuna watu huko hulipwa kukupigia picha kurasa, lakini ulizeni bei kwanza. Waliokufa utawatafuta bure kwa tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ingawa hiyo tume yenyewe ilikiri kwa ripoti ya 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, pengine hata 350,000, hawakuandikwa jina ama hawakukumbukwa kabisa. Kwa hivyo mzee akikosa jina asiseme mtu hakuwepo.

Kuchapisha: ISBN (namba ya kutambulisha kitabu) inatolewa na Maktaba ya Taifa. Msikimbilie mchapishaji, mimi kuna mmoja alichukua deposit yangu akanirudishia kurasa ziko juu chini. Na hiyo ya Somalia, mstaafu bado amefungwa na sheria ya siri za serikali, akifika kwa mambo ya operesheni apitishe kwanza kwa wakubwa wake wa zamani.

Mstaafu_wa_Lanet:
Nimesoma hii post mara tatu. Mimi pia nilivaa hiyo nguo, sitasema kitengo. Kijana, naomba nikuulize kitu. Hizo kurasa 140 za Bama, ni ngapi zinaongea matope?

Nakuuliza kwa sababu najua hiyo historia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wa alama ya kichwa cha kifaru, waliteremka bonde la Kabaw 1944 katikati ya masika ya huko, magari yakazama, ng'ombe na nyumbu wakazama, watu wakabeba kila kitu kwa kichwa, vidonge vya malaria vikawageuza ngozi manjano, na hivyo hivyo wakasukuma mpaka mto Chindwin, Desemba wakawa wameshika mji wa Kalewa na hapo ndio likajengwa lile daraja la Bailey (la vipande vya chuma vya kuunganishwa) la futi 1,154. Hiyo ni kweli yote. Lakini sisi pia Oktoba 2011 mvua ilitukuta baada ya Dhobley, ndani ya Somalia. Lori linazama mpaka ekseli, unachimba, unaweka matawi, linasonga hatua kumi linazama tena, na usiku husikii kitu ila mvua kwa turubai na wewe hujui nani yuko huko nje. Soksi sikubadilisha siku tisa.

Sasa rudi usome hizo kurasa za matope. Kuka alimwambia neno moja tu, mvua. Hayo mengine yote nani alimwambia?

Usimsukume. Hata Itote, yule Jenerali China wa Mau Mau, alipigana Bama akiwa koplo, akatoka akaingia msituni, akakamatwa Januari 1954, na kitabu chake kilikuja 1967. Hesabu hiyo miaka. Na ukimuuliza mzee kitu usiulize vita. Uliza mlikuwa mnakula nini.

KalamuTupu:
Sawa nimenyamaza. Mzee akimaliza nitanunua.

MtotoWaMbaruk:
Asanteni sana wote, afande hasa wewe. Nimerudi kwa kaunta buku ya 6 na ya 7 jana usiku. Kuna mahali ameandika askari wa Keya anachimba gurudumu la lori na sufuria ya jikoni kwa sababu koleo zimepotea, halafu sufuria hiyo hiyo inapikiwa chai 0500, na jina la askari hajaliandika. Nilikuwa nimetaipa hiyo mwezi wa tatu bila kufikiria.

Leo asubuhi nikamuuliza, mzee, huko mlikuwa mnakula nini. Sikusema huko wapi. Akaangalia kikombe kidogo akasema biskuti ngumu na maharagwe ya kopo, na kulikuwa na kijana wa Kakamega alikuwa anaficha chumvi kwa kofia, anawauzia wenzake. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniuliza kama duka la stima bado linauza kaunta buku ya kurasa 200, ama nipitie mjini.

Nimemletea mbili. Shangazi wa Webuye anasema sanduku liko lakini funguo iko kwa binamu Eldoret, tutaenda Jumapili.