Naomba ushauri: mzee kutolewa mshipa wa mkono kwa ajili ya moyo

Wakubwa shikamooni. Mzee wangu, mkulima wa viazi huku Uyole, anapelekwa Dar kupandikiziwa mishipa ya moyo. Daktari anasema ateri (mshipa wa kupeleka damu) ya ndani ya kifua itatangulia, maana hudumu kuliko vena (mshipa wa kurudisha damu moyoni) ya mguuni. Ya pili itoke mkono wa kushoto. Kupima kama ateri moja itautosha mkono, alibana zote mbili za kifundo cha mkono, akaachia moja, rangi ya kiganja ikarudi haraka. Hapo sawa. Shida mzee ana mashoto, na jembe ndilo maisha yake! Kulia kulishapitishwa mrija wa kupima moyo, ateri hiyo hawaitaki. Mliopitia haya, ganzi ya vidole baada ya kutolewa ateri ya mkono iliisha? Au tuombe vena ya mguu tu? Kisukari hana.