Mdogo wangu anahamia Dettah, kaskazini ya Kanada. Kweli gari linapita juu ya ziwa?

BintiJongowe:

Asalaam aleykum ndugu zangu. Mie ni wa Jongowe, Tumbatu, nasomesha skuli upande wa Mkokotoni. Kila siku ya kazi navuka kwa boti asubuhi na kurudi alasiri, mwaka wa kumi na moja huu. Nasema hivi mujue kuwa kuvuka maji si jambo la kunitia khofu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ameolewa na kijana wa Kanada aliyesilimu Edmonton walipokuwa wakisoma pamoja. Mwezi wa Disemba wanahamia kwao mume, kijiji kinaitwa Dettah, ukingoni mwa Ziwa Great Slave. Mume kapata kazi mjini Yellowknife, ng'ambo ya ghuba. Juzi mdogo wangu kamwambia mama kwenye simu, kwa furaha tele: "Wakati wa baridi hatuna haja ya boti mama, tunapita na gari juu ya maji."

Tangu hapo mama hapati usingizi. Mwaka 2011 meli ilipozama usiku mkondo wa Nungwi ikienda Pemba, alimpoteza ndugu yake wa tumbo moja. Mpaka leo mimi nikivuka anakaa barazani mpaka nimpigie kuwa nimefika. Sasa huyu mwengine anamwambia atakanyaga maji kwa gari.

Barafu mie naijua ile ya kuwekea samaki pale Mkokotoni, ikifika adhuhuri imeshakuwa maji. Hiyo ya huko inabebaje gari? Nani anayeipima? Na ikianza kuyeyuka, watu wa kijiji wanakwendaje kazini? Namtaka mtu aliyeiona kwa macho yake.

Fundi_Mahonda:

Dada, kupita wanapita kweli, jamaa yangu mmoja alishanionesha video. Ila sikufahamu wanajuaje siku ya kuanza. Nami nasubiri jibu.

MtuWaKonde:

Waaleykum salaam dada. Mimi mtu wa Konde, Pemba, niko Yellowknife na huu msimu wangu wa nne wa baridi. Naendesha teksi, na abiria wa Dettah nawapeleka karibu kila wiki. Msomee mama haya.

Kwanza, mdogo wako halazimiki kuvuka ziwa. Ipo barabara ya nchi kavu inayoizunguka ghuba, kilomita 27, wazi mwaka mzima. Ile ya barafu ni njia ya mkato, kilomita 6.5. Kwa kawaida hufunguliwa mwishoni mwa Disemba na kufungwa Aprili. Ikifungwa watu hurudi kuzunguka, basi. Nyinyi Tumbatu bahari ikichafuka hamna pa kuzungukia, wao wanapo.

Pili, haifunguliwi kwa kukisia. Wafanyakazi wa serikali wanatoboa na kupima unene, wanasafisha theluji juu yake ili baridi iingie chini na barafu izidi kunenepa, kisha wanaweka kibao cha uzito unaoruhusiwa. Mtu kutembea anataka kama sentimita 10. Gari dogo linataka kama 30. Uzito unaoruhusiwa wanaupandisha kidogo kidogo, na katikati ya msimu barafu hukaribia mita nzima. Inaelea kwa kuwa maji yakiganda huwa mepesi kuliko maji yaliyo chini yake, na hayo ya chini ndiyo yanayobeba mzigo.

Ila ina adabu zake. Gari likipita linaibonyeza barafu kidogo, na chini yake kunakimbia wimbi. Ukienda kasi, wimbi likafika ufukweni na kurudi, linaweza kuipasua. Ndiyo maana tunakwenda pole pole, khasa karibu na nchi kavu, na hatufuatani nyuma kwa nyuma. Na gari halilazwi juu ya barafu, kwa sababu mzigo uliosimama muda mrefu huizamisha taratibu.

Mara ya kwanza kuvuka nilisikia mlio chini yangu, kama mzinga wa Ramadhani. Nilifunga breki, miguu inatetemeka. Nilikuwa na bibi mmoja wa Dettah kiti cha nyuma. Akaniambia endelea mwanangu, baridi imezidi, barafu inajivuta. Watu wa pale ni Wadene, mababu zao wameishi na ziwa hili tangu zamani, nami tangu siku ile nikiwa na shaka nawauliza wao.

Wanaopata ajali aghalabu ni wanaotoka nje ya njia iliyopimwa, au wanaokwenda na pikipiki za theluji Novemba na Mei, barafu bado changa au imeshachoka. Hapo mwambie awe mkali na nafsi yake.

Mimi langu kubwa si barafu. Karibu na mji kuna mgodi wa dhahabu uliofanya kazi kuanzia 1948 hadi 2004, na chini yake kumebaki tani 237,000 za vumbi la sumu ya aseniki. Serikali inaligandisha huko huko chini lisitoke. Mwaka 1951 mtoto mdogo wa Wadene alikufa kwa maji ya theluji yenye sumu hiyo. Hili likinijia huniuma sana, maana wenye ziwa ndio waliolipa. Kwa hivyo asiyeyushe theluji ya jirani na mgodi akaifanya maji ya kunywa. Kijijini maji huletwa kwa gari, hayo ndiyo ya kutumia.

Ustadh_Wete:

Na swala zake? Nasikia huko jua halionekani.

MtuWaKonde:

Linaonekana sheikh. Disemba linachomoza kama saa nne asubuhi na kuzama saa tisa alasiri. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana upesi, ukilala mchana zimekupita. Mwezi wa Juni ndio mtihani, giza lenyewe haliingii, na isha tunafuata utaratibu wa jumuiya yetu. Waislamu tupo Yellowknife na tuna mahali pa kuswalia, mdogo wetu hatakuwa pekee. Akifika tu aulize teksi, wengi wetu ni watu wa Afrika.

Dada, mwambie pia gari lao walichomeke kwenye umeme usiku. Injini ina waya wa kuipasha moto. Ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri, usipochomeka asubuhi haliwaki.

BintiJongowe:

Kaka, Mungu akulipe kheri. Nimemsomea mama yote, nikarudia mara mbili pale penye barabara ya nchi kavu. Akauliza, "Kumbe anaweza kuzunguka?" Nikamwambia anaweza. Akanyamaza, kisha akaomba chai.

Jana saa mbili usiku tulimpigia mdogo wangu. Yuko bado Edmonton, kwao saa nne asubuhi. Mama akamtolea shuruti yake, ile ile anayonipa mimi kaskazi likivuma: usivuke na wa mwanzo. Barabara ikifunguliwa, waache wengine wapite wiki nzima, wewe zunguka. Mumewe alikuwa akisikiliza, akaomba atafsiriwe, akasema bibi yake pale Dettah naye huwakataza hivyo hivyo.

Mama sasa anataka kujua huyo bibi anapenda nini, ampelekee. Kaka, karafuu na mdalasini uwanja wa ndege hawazuii?

MtuWaKonde:

Mimi nilipita nazo bila taabu, zikiwa kavu, zimefungwa vizuri na nimezitaja kwenye fomu. Mwambie mama aongeze na hiliki. Huku bei yake inatisha.