WordPerfect 5.1 ndani ya DOSBox: Ctrl+F9 inafunga kila kitu

Mchapaji:
Wakuu, nina WordPerfect 5.1, programu ya zamani ya kuandikia nyaraka kwenye mfumo wa DOS, na nyaraka zake ziko kwenye disketi za inchi 3.5. Windows 11 inaikataa kabisa. Nimeiweka ndani ya DOSBox 0.74 (programu inayoigiza kompyuta ya DOS), inawaka vizuri, ila nikibonyeza Ctrl+F9 nipange orodha kwa alfabeti, dirisha lote linafungwa. Nikirudi inaniuliza kama kuna WordPerfect nyingine inayotumika. Na kuprinti je?

biti8:
Mkuu, Windows ya biti 64 haina tena sehemu ya kuendesha programu za biti 16. Hapo ubadili mipangilio utakavyo, haitakubali. DOSBox ndiyo njia.

Sasa, Ctrl+F9 ni amri ya DOSBox yenyewe: zima papo hapo. Inadakwa kabla WordPerfect haijaiona. Ctrl+F5 nayo inapiga picha ya skrini, Ctrl+F10 inashika na kuachia mausi. Bonyeza Ctrl+F1 upate ramani ya vitufe, bofya kisanduku cha ShutDown, kisha Del, kisha Save. Fanya hivyo kwa kila kitufe kinachogongana.

Hilo swali linatokana na mafaili ya muda, yale yanayoanza na `WP}WP{`, yaliyobaki kwa kuwa hukutoka kwa F7. Jibu N. Baadaye ikikuambia kuna nakala ya akiba ya zamani, chonde usichague kufuta! Chagua 1, ipe jina jipya, uifungue kwa Shift+F10. Kazi yako imo humo, hadi pale akiba ilipochukuliwa mara ya mwisho. Muda wa akiba unapunguzwa kwenye Shift+F1.

Kinanda:
DOSBox ya kawaida haina printa. Hamia DOSBox-X, toleo jingine la DOSBox, kwenye faili la mipangilio weka:

`[parallel]`
`parallel1=printer`

Printa inayoigizwa ni ya aina ya Epson, basi ndani ya WordPerfect (Shift+F7, halafu S) chagua draiva ya Epson. Ukichagua ya PostScript (lugha nyingine ya printa) utapata kurasa za msimbo mtupu badala ya barua. Angalizo: DOSBox-X kwenye Windows inatumia F11 kwa amri zake, kwa hiyo kuona misimbo ya uumbizaji tumia Alt+F3.

biti8:
Nimesahau disketi. Usifungue nyaraka moja kwa moja humo. Sogeza kile kitasa cha pembeni hadi tundu liwe wazi, hapo haiandikiki. Kisha kwenye Linux nakili disketi nzima iwe faili moja, kwa programu ya ddrescue:

`ddrescue -d -n /dev/sdX d1.img d1.map`
`ddrescue -d -r3 /dev/sdX d1.img d1.map`

Hakikisha kwanza kwa `lsblk` (amri inayoorodhesha diski) kwamba sdX ndiyo disketi. Mpito wa kwanza unachota palipo pazima, wa pili unarudia palipogoma. Disketi ya MB 1.44 ikitoka nzima, faili lina baiti 1,474,560 kamili.

Mchapaji:
ShutDown nimeiondoa, Ctrl+F9 sasa inaleta menyu ya kupanga. Na ile akiba imefunguka, imepungua aya mbili tu.

Kinanda:
Safi. Nyaraka za kusoma tu zifungue na LibreOffice, inazielewa. Ila kagua tanbihi na majedwali, ndiyo huwa yanavurugika.