Naomba ushauri: vina vya jina Neema

Habari zenu wanajamvi. Naandika shairi la kumpongeza mtoto aitwaye Neema. Maana haina utata: jina lina asili ya Kiarabu, yaani baraka, riziki tele. Shida ni vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana. Ni tarbia (mistari minne kila ubeti) ya beti 5, mizani (silabi) 8 kwa 8, yaani kila mstari una vipande viwili vya mizani 8, na kina cha kati, kinachofunga kipande cha kwanza, ni -ema. “Jina lako ni Neema” inatimia, kwa kuwa Ne-e-ma ni mizani 3 (ukihesabu 2, kipande kinapungua).

Nimeshatumia mema, wema, njema, vyema, hema, kusema. Manne ya kwanza ni mzizi mmoja, yanachosha sikio. Kina cha -ma tupu, kama huruma na heshima, kinakubalika ila utamu unapungua.

Maneno gani mengine ya -ema yatafaa? Na je, nibadilishe kina kila ubeti au nishikilie -ema hadi mwisho?