Fedha za utafiti vyuoni zinaingia Machi, vitabu vya hesabu vinafungwa Juni 30. Huu utafiti ufanyike lini?

Wakuu, salaam.

Kila bajeti tunatangaziwa kwamba fedha za utafiti zimeongezeka. Ziongezeke, ongezeko lenyewe lilichelewa: MTUSATE (Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia) upo kisheria tangu 1986, na nchi za Afrika zilikubaliana Khartoum mwaka 2006 kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tatizo ni kinachotokea fedha ikishafika chuoni.

Mkataba unasainiwa Novemba, fedha mara nyingi inaingia Machi. Mtafiti wa maabara amebakiwa na miezi mitatu na ushee kabla mwaka wa fedha haujafungwa. Vitendanishi, yaani kemikali za maabara kama praima na vimeng'enya vya PCR (njia ya kunakili DNA), havipo Kariakoo, vinaagizwa nje. Ombi lipande NeST (mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni), zabuni itathminiwe, LPO (hati ya kuagiza) itoke, ndipo mzabuni aanze kuagiza. Mzigo ukifika ndani ya wiki kumi, shukuru Mungu. Ukifika, unalala uwanja wa ndege ukisubiri kibali cha kuingia nchini ambacho kingeweza kuombwa siku ile ile ya kuagiza. Kimeng'enya cha kutunzwa nyuzi 20 chini ya sifuri kinakaa kwenye boksi ambalo barafu imeshakwisha. PCR haitoi kitu, mwanafunzi wa uzamili anaambiwa arudie. Arudie kwa kutumia nini?

Warsha sasa! Posho inalipwa siku moja, marejesho ya masurufu wiki inayofuata, hoja ya ukaguzi hakuna. Ndiyo maana ikifika Mei kila mradi unageuka semina. Watu wanasema wasomi wetu wanapenda posho. Wapo, sikatai. Ila kalenda yenyewe inamwadhibu anayenunua vitendanishi.

Salio libaki kwenye mradi mpaka mradi uishe, hata ikiwa miaka mitatu. Chuo kiingie mkataba wa mwaka mzima na wauzaji wa vitendanishi, bei zikiwa zimeshakubaliwa, mtafiti abaki kutoa oda tu. Kibali kiombwe kwa proforma (ankara ya awali), mzigo ukiwa bado kiwandani. Na umeme jamani: friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyo na jenereta ya kuwaka yenyewe ni kabati.

Mfadhili wa nje ukimwandikia barua yenye sababu, anaongeza muda bila kuongeza fedha. Wahasibu na maafisa ugavi wa vyuo mliomo humu, tuwekeeni kifungu kinachozuia fedha yetu ya ndani kufanyiwa hivyo hivyo.