Kuvuta umeme toka nyumbani hadi gereji ya uani, mita 35: waya gani?

Mwembedodo
Wakuu habari za jioni. Nipo Kibaha, kiwanja kimelala kwa urefu: nyumba mbele, banda la gari kule nyuma karibu na migomba. Nimepima kwa futi kamba toka meni swichi hadi mlango wa banda, mita 35. Gari halijalala humo hata siku moja, nimeligeuza gereji yangu ya Jumamosi. Nachomelea vigeti, nina grenda, kompresa ndogo na taa mbili.

Mwaka jana kijana mmoja alinivutia waya wa mm 2.5, akaupitisha juu ya mwembe na kuufunga kwenye tawi kwa kamba ya katani. Taa ziliwaka, tukashangilia. Nilipowasha mashine ya kuchomelea, rodi ikawa inanata kwenye chuma kama ulimbo, na mama watoto anapiga kelele dirishani kwamba TV imezima. Wiki iliyopita mvua imenyesha, ndala zimelowa, nikashika meza ya chuma: nilitekenywa hadi kiwikoni. Tangu hapo sijawasha kitu.

Fundi wa pili anasema nilete waya mbili tu, fezi na nyutro, halafu eathi, ile njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, tuchimbie nondo palepale gereji. Ni sawa? Na waya uwe saizi gani, upite juu au chini?

Kijiko_cha_Uji
Huo mwembe nao ununuliwe LUKU yake.

MzeeWaKondiuti
Kijana, kwanza kazime na uung'oe huo waya leo, usingoje Jumamosi.

TV kuzima kunaniambia kitu. Nadhani huo waya haujatoka kwenye meni swichi, umeungwa kwenye soketi ya sebuleni. Fungua uangalie.

Saizi sasa. Soma kibati cha mashine, amp za kuingia. Ile 200 kubwa iliyochorwa ubavuni ni ya kwenye rodi, isikutishe. Tuseme inavuta amp 30. Waya wa shaba wa mm 2.5 unapoteza kama milivolti 18 kwa kila amp kwa kila mita, kwenda na kurudi vikiwa vimeshahesabiwa. Zidisha 18 kwa 30 kwa 35: karibu volti 19. Jioni mtaa mzima unapika, kwenye mita umebaki na 210, gereji unapata 191. Rodi itaacha kunata? Tena amp 30 kwa waya huo ni kuukaanga. Kwa mm 6 unapoteza kama volti 8, kwa mm 10 chini ya 5. Mimi ningeweka 10 na kuusahau.

Hilo la nondo pekee likatae. Nondo ikipata ukinzani wa ohm 50 tu kwenye mchanga mkavu, shukuru. Gawa volti 230 kwa 50, inakuja amp 4.6. Breka ya amp 32 itaruka kwa amp 4.6? Haijui hata kama kuna tatizo, na meza yako inabaki na umeme inakusubiri. Leta waya wa eathi toka nyumbani, nondo ya gereji ukitaka iongeze, ziungwe pamoja. Halafu weka RCCB, swichi inayohisi umeme unaovuja, ya miliamp 30, hiyo ndiyo inayokata umeme kabla haujakumaliza. Gereji iwe na meni swichi yake ndogo, na humo nyutro na eathi visiunganishwe.

Kazi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, apime eathi kwa kipimo, asikwambie "iko poa" kwa macho.

Mama Tunu wa Moro
Kuhusu chini: mimi nilipitisha kwenye bomba la plastiki, likafukiwa sentimita 20 hivi. Kijana wa bustani akalipata kwa jembe siku ya tatu. Mpini wa mti ndio uliomponya. Safari ya pili tulichimba sm 60, tukaweka kebo yenye koti la nyaya za chuma, mchanga laini chini na juu, kisha utepe wa njano wa tahadhari kabla ya kufukia. Na kabla ya kufukia nilipiga picha mtaro wazi, futi kamba ikiwa imelala ndani.

Mwembedodo
Mzee shikamoo. Nimesogeza kabati la TV, nimezima meni swichi, nimefungua soketi. Ni kama ulikuwepo. Waya zimesokotwa kwa mkono, tepu imeyeyuka na ukuta una doa jeusi la ukubwa wa kiganja. Waya nimeushusha mwembeni. Kibati kinasema amp 28. Natafuta vibarua wa mtaro, na dada wa Moro asante kwa hiyo sm 60.

MzeeWaKondiuti
Marahaba. Usifukie kabla sijaona picha.