Snuka ina utamu gani kuitazama? Mimi ni mtu wa puli, nisaidieni

Chaki_Kirumba:

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mtu wa puli, tena si wa kubahatisha. Hapa Kirumba wanaonijua wananijua. Sasa juzi nimeingia kwa jamaa yangu nikamkuta ameganda kwenye simu anaangalia snuka. Nikakaa naye. Watu wawili wamevaa vizibao na tai za kipepeo, meza kubwa kupita kiasi, ukumbi kimya. Mmoja anapiga nyeupe, inagusa nyekundu kidogo tu kisha inarudi ilikotoka. Mwenzake naye hivyo hivyo. Wakaendelea na mchezo huo mpaka nikachoka, hakuna hata mpira mmoja uliozama, na watazamaji wanapiga makofi!

Puli naielewa. Unafungua meza, unajua zako ni za mistari au zisizo na mistari, unamaliza, unapiga nyeusi, anayefuata anatumbukiza koini. Hata ile ya mipira tisa nikiikuta naangalia mpaka mwisho. Lakini hii, jamani, mnaangalia nini hasa? Siulizi kwa kejeli, nataka kujua kweli.

Mzee_wa_Kona:

Dawa ya usingizi hiyo mkuu. Bei rahisi na haina madhara.

BintiPangani:

Kaka Chaki, ngoja nikujibu kwa kirefu maana leo sina zamu.

Nipo Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ikifika katikati ya mwezi wa nne, rimoti ya sebuleni haigusiki. BBC wanaonyesha mashindano ya dunia ya snuka kutoka Sheffield, pale ukumbi wa Crucible, siku kumi na saba. Mwanzo nilikuwa nakaa na wazee wangu kwa sababu ndiyo kazi inayonilipa. Puli yenyewe sikuwa naijua, sembuse snuka. Aliyenifungua macho ni babu mmoja aliyestaafu kwenye kiwanda cha chuma. Aliniona nahangaika kufuata mipira akaniambia niachane nayo kwanza, nimtazame yule aliyekaa.

Hebu fikiria. Kwenye mpira wa miguu ukishambuliwa unakimbia, unakaba, unamlalamikia refa. Bondia akizidiwa angalau anainua mikono kujikinga. Kwenye snuka mwenzako akishaanza kufunga, wewe unakwenda kukaa kwenye kiti, pembeni una glasi ya maji na taulo, na kamera inakumulika usoni. Huna la kufanya. Huruhusiwi hata kukohoa kwa makusudi. Unasubiri akosee, na pengine hakosei.

Mwaka 1997 Ronnie O'Sullivan alimfanyia hivyo Mick Price palepale Crucible. Alizamisha mipira 36 mfululizo, pointi 147, ambazo ndizo za juu kabisa kama hakuna faulo, kwa dakika 5 na sekunde 8. Nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko video ya harusi yangu. Haraka namna ile hata mwamuzi anahangaika kuiwahi nyeusi ili airudishe mezani.

Sasa mgeuzie kibao. Robo fainali ya 2005, Ronnie huyohuyo anaongoza fremu (yaani michezo midogo inayounda mechi) 8 kwa 2 dhidi ya Peter Ebdon. Ebdon akaamua kupunguza mwendo. Anazunguka meza, anainama, anainuka, anafikiri. Kuna zamu moja alitumia zaidi ya dakika tano kupata pointi 12. Kumi na mbili! Na safari hii aliyekaa ni Ronnie, mtu asiyejua kusubiri. Kiti kilimmaliza. Ebdon alishinda 13 kwa 11.

Muda ni uleule, dakika tano na ushee. Mmoja amefagia meza nzima, mwingine kapata pointi 12, na wote wawili wamemvunja mtu aliye kwenye kiti. Mchezo mwingine wa fimbo unaoweza kunipa hayo mawili mimi sijauona.

Halafu kuna hili la rangi. Kwenye meza zenu za koini mpira ukizama umeliwa, hadi utumbukize koini nyingine. Kwenye snuka nyekundu ikizama ndiyo basi, ila mpira wa rangi unarudi. Nyekundu moja, rangi moja, nyekundu, rangi, hivyo mpaka nyekundu 15 ziishe. Kila mara mwamuzi mwenye glavu nyeupe anautoa ule wa rangi shimoni, anauweka kwenye alama yake. Katika 147 nyeusi, yenye pointi 7, inazamishwa mara 16! Kwa hiyo kazi hasa ni ya ule mweupe: kila shoti uende kwenye nyekundu, kisha urudi upande unaofaa wa nyeusi. Ukikosea kwa upana wa kidole, shoti inayofuata ni shida, ya baada yake ni mtego, ya tatu unakaa kitini. Mimi siku hizi mpira unaozama siutazami kabisa. Macho yangu yako kwenye nyeupe, inasimamia wapi.

Na zile shoti zilizokuudhi, nyeupe kugusa nyekundu na kurudi, ni vita vya kutoachia nafasi. Anataka kuigandisha nyeupe kwenye ukingo wa mwisho, ikiwezekana nyuma ya kahawia au kijani, ili mwenzake asiione nyekundu hata moja. Akishindwa kuigusa ni faulo, mpinzani anapata pointi zisizopungua nne, na mwamuzi anaweza kurudisha mipira ilipokuwa, aliyekosea arudie tena. Makofi uliyoyasikia ni ya mtu aliyemfungia mwenzake mlango.

Nisikudanganye kwamba yote ni asali. Mwaka 2022 Mark Selby na Yan Bingtao walicheza fremu moja ya dakika 85 palepale Crucible. Hiyo niliiacha nikaenda kuchambua maharage.

Niliwahi kupata tiketi nikaenda mwenyewe. Raundi za mwanzo kuna meza mbili, katikati kuna kizuizi, unaiona moja tu. Mchezaji wa upande wetu ameinama, fimbo iko tayari, mara upande wa pili ukumbi unalipuka kwa makofi. Anainuka taratibu, anapaka chaki, anainama upya. Watu wengi walikuwa na visikilizi vya watangazaji masikioni, basi mtangazaji akitania unaona watu mia kadhaa wanatabasamu pamoja, na mchezaji hajui wanacheka nini. Ukumbi wenyewe mdogo, hauchukui hata watu elfu. Aliyekaa mbele angeweza kumpokea mchezaji glasi ya maji.

Tisa_Tu:

Dada Pangani umeandika vizuri ila hicho kiti hata sisi tunacho. Kwenye mipira tisa kuna mashindano anayeshinda ndiye anafungua tena. Mtu anafungua, anamaliza, anafungua, anamaliza, wewe umekaa tu unahesabu vigae vya dari. Tena kwetu ukiuunganisha mpira mdogo ukaenda kuisukuma tisa shimoni, mchezo umekwisha hapohapo. Kila shoti ina hatari yake. Na nenda kaangalie Mosconi Cup, Ulaya na Marekani: watu wanaimba, wanazomea, saa inahesabu sekunde. Mtu anapiga mpira wa mwisho kelele zikiwa kama derby. Hiyo presha Ebdon angeiweza?

BintiPangani:

Kelele nazikubali kaka, na kiti chenu nimekiona. Ila kwenu fremu ikiisha imefutika, mnapanga upya. Ndani ya fremu moja ya snuka kuna hesabu inayokwenda kama mita ya umeme. Nyekundu zikiisha, zile rangi sita zilizobaki zina pointi 27 jumla. Umeachwa kwa 27, bado unaweza kusawazisha. Umeachwa kwa 35, hata ukizamisha zote hufiki, inabidi umfichie mwenzako mpira ili afanye faulo. Mtazamaji anajua, mchezaji anajua, aliyekaa anajua zaidi.

Ndiyo maana babu yangu yule haachi kusimulia fainali ya 1985. Dennis Taylor, mwenye miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea, alianza kwa kufungwa 8 bila na Steve Davis. Wakafika 17 kwa 17. Fremu ya mwisho peke yake dakika 68. Davis ana 62, Taylor 44, zimebaki kahawia, bluu, waridi na nyeusi. Piga hesabu: 4, 5, 6, 7, ni 22. Ameachwa 18, lazima azamishe zote nne. Akazamisha tatu. Ikabaki nyeusi peke yake, mwenye kuizamisha ni bingwa wa dunia. Wakaikosa kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, mpaka Davis akaachiwa moja ya kukata kwa wembamba, akaikata kupita kiasi. Taylor akaizamisha. Katika siku mbili hizo hakuwahi kuongoza mechi hata dakika moja hadi mpira ule ulipozama. Usiku wa manane, watu milioni 18.5 Uingereza wako macho kwa ajili ya mpira mmoja.

Fundi_Nguo_Kijani:

Nyongeza ya kiufundi, mimi nafunga nguo za meza Nairobi. Watu wa puli wakiona snuka kwenye simu hudhani ni rahisi kwa sababu kamera ya juu inaifinya meza. Ile ni futi 12 kwa 6, wakati ya puli ya kulipwa ni futi 9. Mipira ni ya milimita 52.5, midogo kuliko ya puli, na midomo ya mashimo imeviringwa, haikukatwa kwa kona. Kwenye puli mpira ukigusa kona mara nyingi unaingia. Kwenye snuka unatikisika mdomoni kisha unakutemea. Wakali wa baa nimewaona wakipandishwa kwenye meza ile, kabla ya fremu kuisha wanauliza kama imepimwa vizuri kwa levo.

Chaki_Kirumba:

Aisee. Dada nashukuru sana, na fundi pia. Bando langu linatosha ile ya 1997 tu, ya dakika 68 nitasubiri wifi ya jamaa. Swali moja la mwisho: Ulaya tupu ndiyo wanatwaa?

BintiPangani:

Zamani karibu wote ndiyo, Waingereza hasa. Lakini 2025 Zhao Xintong wa China alimfunga Mark Williams 18 kwa 12 kwenye fainali, baada ya kumpiga Ronnie 17 kwa 7 nusu fainali. Ni Mchina wa kwanza. Sebuleni kwetu babu alinuna siku nzima, si kwa sababu ya Mchina, ni kwa sababu ya Ronnie.

Tisa_Tu:

Chaki, bando likibaki usiondoke bila kumtafuta Efren Reyes wa Ufilipino, ile shoti dhidi ya Earl Strickland. Nyeupe imefungiwa, inagonga kingo mbili kwanza, halafu inakwenda kuuzamisha mpira aliokuwa haoni. Haichukui hata dakika moja.